Katekista Aliyetafuta Wafiwa

Nitamwita Katekista, maana ndivyo tulivyomwita wote pale Alby, pembezoni mwa Stockholm, hata sisi Wapentekoste ambao makatekista hatunao. Alizaliwa lini na ukoo wake ni upi, usiniulize. Kila ofisi ya Waswidi aliitajia mwaka wake wa kuzaliwa, na hakuna ofisi mbili zilizopewa mwaka mmoja. Nilichokijua ni kwamba alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mfupi, masikio makubwa, na alikaa juu ya kichwa changu. Yeye ghorofa ya tano, mimi ya nne, na kati yetu sakafu nyembamba iliyonishushia kila wimbo wa misa aliouimba akioga. Mimi mtu wa Bujumbura napenda kimya. Sikukipata miaka yote aliyokaa pale.

Ofisi ya kazi ilimpeleka kwanza kukunja mashuka ya hospitali. Wakamrudisha, anaongea sana. Ikampeleka kufagia ghala. Wakamrudisha, anaongea hata akiwa peke yake. Mwisho ikampeleka Gamla Stan, ule mji mkongwe ulio kisiwani katikati ya Stockholm. Huko barabara moja ilikuwa imefumuliwa ili wapitishe mabomba ya maji ya moto, na chini ya mawe wakakuta kuta za matofali za nyumba ya watawa wa kiume, watu wa zamani zile kabla Waswidi hawajawa Walutheri. Hapa ukikuta kitu cha kale ardhini, mabomba yanangoja. Basi wakaja wachimbaji wa mambo ya kale, watu wenye shahada, wanaochimba kwa mwiko na brashi polepole kama mtu anayepamba keki. Katekista wakampa chekeche. Udongo uliotoka shimoni ulipita kwake, autikise, aangalie kilichobaki juu.

Nilikutana naye kwenye lifti siku ya kwanza, bado amevaa kofia ngumu.

"Mama, nimepata kazi kanisani."

"Kanisa lipi?"

"La chini."

Mtu huyu hakushuka shimoni bila kupiga hodi. Nisingeamini kama nisingeona kwa macho yangu, siku niliyompelekea funguo zake alizozisahau mlangoni. Alisimama ukingoni, akavua kofia, akapaza sauti mpaka watalii wakageuka: "Hodi! Hodi wenyewe!" Akangoja kidogo. Kisha akajijibu kwa kisauti chembamba cha kizee: "Karibuni, wanangu, karibuni." Ndipo akashuka ngazi.

"Hiyo sauti ya pili ni ya nani?" nikamuuliza.

"Ya mwenye nyumba."

"Mbona imetoka mdomoni mwako?"

"Mama, yeye hana mdomo tena. Unataka afanyeje?"

Haikupita muda Waswidi nao wakaanza kupiga hodi. Walipiga kwa aibu, macho chini, lakini walipiga, na hakuna aliyeshuka mpaka Katekista amjibu. Kwa hiyo asubuhi treni ya chini ya ardhi ilipokwama, naye akiwamo ndani, kazi yote ilisimama. Watu waliosoma mpaka wakapata vipara wamejipanga ukingoni na brashi zao mkononi, wakingoja kukaribishwa.

Watawa wale aliwapenda kama mtu anavyowapenda wajomba zake, yaani hakutaka wasemwe vibaya. Shida ilikuwa chekeche. Chekeche halina heshima, linabakiza kila kitu. Walipofika penye jaa la jiko la watawa, ikatoka mifupa ya nguruwe, mifupa ya kuku, ya bata, mingi.

"Na kwaresima je?" nikamwuliza. "Si mnasema watawa hawali nyama?"

"Hizo walimpikia mgeni."

Wiki nyingine ikatoka dadu, ndogo, ya mfupa.

"Ya mgeni," akasema kabla sijafungua mdomo.

Vikatoka vipande vya vikombe vya bia vya kutosha arusi. Mgeni. Kikatoka kitana cha mwanamke. Hapo akaniangalia, akasema: "Mgeni alikuwa na mke."

Nikamwambia mgeni huyo amekula, amekunywa, amecheza kamari na kuleta mwanamke kwenye nyumba ya watawa, na ninaona hakuondoka mpaka paa lilipoanguka. Alikasirika. Siku mbili nzima alipita mlangoni kwangu bila salamu, na nilipumzika vizuri sana.

Sasa nguo zake. Hapa Swideni jengo zima lina chumba kimoja cha kufulia, na kila mpangaji anaweka zamu yake. Zamu ya Katekista ilikuwa kabla ya yangu. Alitia mashineni ovaroli zenye udongo wa kisima cha watawa, akaondoka akiimba. Nikaja mimi na nguo nyeupe za kwaya yetu. Zilitoka rangi ya chai ya maziwa. Nilipanda ghorofa ya tano kwa miguu, hata lifti sikuingoja.

"Mama, tulia," akasema, "huo ni udongo uliobarikiwa."

"Na mimi nitakubariki kwa ufagio."

Jumapili kwaya iliimba ikiwa rangi ya chai. Mchungaji wetu akasema tumependeza, nikakosa pa kupeleka hasira yangu.

Kuchekecha kulimwingia mwilini. Alichekecha mchele wake mara tatu, alichekecha unga wa watu waliomwalika chakula. Siku moja ya jua alishuka na chekeche mpaka kwenye uwanja wa watoto hapo nje, akachekecha mchanga wote wa kuchezea huku mama za watoto wamesimama wakiwa wamekunja mikono. Akatoa vijiko, gari dogo lisilo na magurudumu, hereni, na jino la mtoto. Akalizungusha jino jengo zima, mlango kwa mlango, akiuliza nani amepoteza. Mjukuu wangu alimjibu kwa Kiswidi kwamba hilo ni jambo la kuchukiza sana. Katekista akamjibu kwa Kifaransa. Ndivyo alivyofanya na watoto wote aliowafundisha katekisimu: wakimjibu Kiswidi, yeye anarudisha Kifaransa, ili wote wawe hawaelewani sawasawa.

Na usidhani alikuwa mtu wa namna moja. Alishika fuvu la kichwa kama unavyoshika papai sokoni, analigeuza, analisifia meno, lakini aliogopa mbwa. Mbwa wakubwa hapana, hao aliwapita. Aliogopa vile vijibwa vya kubebwa mkononi. "Mkubwa unajua anachotaka," alisema. Tena kwaresima alifunga kwa ukali, wali hapana, nyama hapana, lakini mikate ya mdalasini ya Waswidi, ile ya kusokota, hiyo alikula hata minne, kwa sababu, alisema, haikutajwa popote katika Maandiko. Na mtu huyu mwenye kelele alisifu kimya cha watawa kila siku, kwa saa nzima.

Mambo hayo ni ya kucheka, na mimi sikuyacheka wakati ule. Lakini liko moja nililoliona tofauti.

Ilikuwa mwezi wa kumi, simu ikalia. Katekista, na sauti yake imekatika.

"Mama, tumefiwa. Ni padre. Wiki nzima nimekuwa naye, leo wamemtoa. Hana ndugu hata mmoja, Mama. Hata mmoja!" Akalia, akakata simu.

Kwetu ukiambiwa kuna msiba, huulizi. Kumwuliza mtu anayelia kwamba marehemu ni nani, ameugua nini, amekufa lini, hiyo ni tabia ya askari wa mpakani. Unafunga kitenge, unabeba sufuria, unakwenda. Nilipiga simu tatu tu, na hao watatu wakapiga zao. Kufika jioni ukumbi wa wapangaji chini ya jengo letu ulijaa. Warundi wa mtaa wa Tumba walikuja na dagaa tunaowaita ndagala, Wakongomani walikuja na sombe ya kisamvu, kwaya yetu ya Kipentekoste ilikuja na vinanda, maana padre au si padre, mtu asiye na ndugu halazwi peke yake. Katekista alikaa kwenye kiti mbele, shali shingoni, akipokea pole.

Kulikuwa na mama mmoja wa Jakobsberg, upande wa pili wa jiji, ambaye akiingia msibani hata waliokwisha kunyamaza wanaanza upya. Aliingia mikono iko kichwani.

"Yoo padre wangu! Wewe uliyenibatizia mapacha! Juzi tu umenisalimia stesheni! Umenishika mkono, mkono wako wa moto!"

Mzee mmoja wa Tumba akatikisa kichwa, akasema yeye alimwona Pasaka, alikuwa amekonda kidogo.

Mimi ni mtu wa kazi. Nilifuta mikono, nikamwendea Katekista.

"Mwili uko wapi? Tupange wanaume wa kwenda kuuosha."

"Umeshaoshwa, Mama. Kwa mswaki."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa mswaki. Wanafunzi wameuosha."

Waliokuwa karibu wakaacha kula.

"Katekista. Marehemu yuko wapi?"

"Kwenye boksi."

"Jeneza?"

"Boksi. La karatasi ngumu. Hivi." Akapima kwa mikono. Lilikuwa la kutosha jozi mbili za viatu vya baridi.

Mama wa Jakobsberg akashusha mikono kutoka kichwani. "Baba," akasema polepole, "huyu padre amekufa lini?"

"Kabla ya Walutheri."

Mpiga kinanda akazima kinanda. Mzee wa Tumba akaanza kuitazama sahani yake kama ameandikiwa kitu ndani. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko wa ugali na nilikuwa nafikiri pa kuanzia kumpiga.

Katekista akasimama. Hakuomba radhi, hakujua kama kuna kosa. Akatueleza kwamba katika shimo walimkuta mtawa amelala chali, mikono kifuani, jino moja bovu, na yeye mwenyewe ndiye aliyechekecha udongo uliomzunguka, wasipoteze hata kidole. Sasa atapelekwa ghalani, awekwe kwenye rafu. Alimwuliza mkuu wa kazi ni kwa nini asizikwe tena, mkuu akamwambia inawezekana kuzikwa siku moja, kama wako watu wa kumwombea, ila kwa kawaida hakuna, kwa sababu mtu wa zamani vile hana mwenyewe.

"Hana mwenyewe!" akasema Katekista. "Mtu! Hana mwenyewe!" Akatuangalia mmoja mmoja. "Ndiyo nimewaita. Mimi peke yangu sitoshi kuwa wafiwa."

Nikaweka mwiko chini. Wengine hawakujua nilichokijua. Mkewe alikufa njiani wakati wa kukimbia vita, akazikwa na wapita njia kando ya barabara ambayo Katekista hakuikumbuka sawasawa, na yeye wakati huo alikuwa mbele na mizigo, hakuona. Aliniambia mara moja tu, katika kile chumba cha kufulia, macho kwenye mashine inayozunguka. Sikumwuliza zaidi.

Mama wa Jakobsberg akarudisha mikono kichwani. "Mimi machozi yangu sirudishi," akasema. "Nimelia, nimelia. Kinanda kiendelee."

Watu wakala, wakaimba, wakamlilia mtawa mpaka sombe ikaisha.

Jumatatu tulikwenda Gamla Stan, Katekista, mama wa Jakobsberg na mimi, tumevaa vitenge vya msiba juu ya makoti. Mkuu wa kazi alikuwa mama wa Kiswidi, mrefu, miwani yake haijawahi kuwa bila udongo. Alitukaribisha kwenye kibanda chao na kutumiminia kahawa, maana Mswidi hata ukimletea shoka atakupa kahawa kwanza.

"Ninyi ni akina nani?" akauliza.

"Sisi ni wafiwa," nikasema kwa Kiswidi changu cha kusafishia shule.

"Wa nani?"

"Wa yule uliyemtia kwenye boksi."

Akavua miwani, akaifuta, ikazidi kuchafuka. "Mnajua kwamba ana karibu miaka mia tano tangu afe?"

"Tunajua tumechelewa," akasema mama wa Jakobsberg. "Utuwie radhi. Treni za Jakobsberg unazijua mwenyewe."

Mkuu akacheka mpaka akaweka kikombe chini, maana naye, kumbe, alikuwa akipanda treni hiyohiyo. Alipomaliza akatuambia ukweli. Mifupa lazima ipimwe, ichunguzwe, watu waisome, na hiyo si kazi ya mwezi. Baadaye, anayetaka izikwe lazima aombe, kanisa likubali, wakubwa wake yeye wakubali. Hakuahidi kitu.

"Lakini akiombewa, unaweka kumbukumbu kwamba ameombewa?" akauliza Katekista.

"Naweza. Nani anamwombea? Ana uhusiano gani naye?"

Katekista akafikiri. Akanigeukia, akanielekezea kidole.

"Andika huyu mama ni shangazi yake."

Nikafungua mdomo kukataa. Mkuu alikuwa tayari anaandika, tena uso wake hauna utani hata kidogo. Hivyo mimi, Mpentekoste wa Bujumbura, nikawa shangazi wa mtawa wa Kiswidi. Treni nzima ya kurudi mama wa Jakobsberg alinipa pole kwa kufiwa na mtoto wa kaka yangu, na watu wakanipisha kiti.

Shimo likafukiwa, mabomba yakapita, mawe yakarudishwa. Juu yake sasa wanauza aiskrimu. Katekista akazeeka ghafla, magoti yakamwisha, akahamia Tumba kwenye nyumba za wazee. Ghorofa ya tano akaingia kijana asiyeimba. Kila Pasaka Katekista alimpigia simu mkuu wa kazi kumwulizia mtawa hajambo, na kila Pasaka aliambiwa hajambo, yuko kwenye rafu, bado. Kisha ananipigia mimi kunijulisha, kama shangazi. Nikamwambia aniache na mifupa yake. Hakuniacha. Miaka ikapita namna hiyo.

Mara ya mwisho kukaa naye siku nzima ilikuwa mwezi wa nne, theluji imebaki vipande vichafu kando ya njia. Simu ilikuwa imekuja: wakubwa wamekubali, kanisa la Kikatoliki limekubali, mtawa anazikwa. Katekista akawapigia simu watu wote wa Alby, Jakobsberg na Tumba. Lakini watu walikuwa wameshajifunza. Alipowaambia kuna msiba, kila mmoja aliuliza kwanza: amekufa lini? Na mama wa Jakobsberg alikuwa amelazwa, anauguza mgongo. Kwa hiyo makaburini tulikuwa padre mmoja wa Kiswidi, mkuu wa kazi ambaye nywele zake zilikuwa zimekuwa nyeupe, Katekista na mkongojo wake wa magurudumu, na mimi.

Boksi lilikuwa dogo kweli. Padre akasali sala fupi. Kisha kikaja kimya kile cha mazishi ya Waswidi, kila mtu ameshika mikono yake mwenyewe, mpaka unasikia maji yakidondoka mitini. Katekista akafungua mdomo amlilie mtu wake. Hakikutoka kitu. Akafungua tena. Akanivuta mkono wa koti.

"Mama. Lia wewe."

"Mimi?"

"Si shangazi yake? Atafunikwaje hivi, kama kiazi!"

Mimi watu wangu nimewalilia nyumbani, mlango umefungwa. Sijawahi kulia mbele ya padre. Lakini nilimwona yule mzee anatetemeka kidevu, nikatupa mkoba chini, nikashika kichwa.

"Yoo mwanangu!" nikapiga kelele. "Mwanangu wa mbali! Wamekukanyaga kichwani na viatu vyao, wamekupitishia mabomba, wamekuosha kwa mswaki kama sinki! Nani alimwambia mama yako? Nani alimpelekea habari?"

Ndege wakaruka kwenye miti. Mwanamke aliyekuwa akimwagilia maua kaburi la tatu akaweka kopo chini. Na hapo Katekista naye akaanza. Sauti ikamtoka, kubwa, mbaya, akaita jina. Halikuwa la mtawa, la mtawa hatukulijua. Lilikuwa jina la kike. Akaliita na kuliita. Padre hakujua Kiswahili, akadhani tunasali, akasema amina. Mkuu wa kazi akatoa kitambaa akafuta miwani, na safari hii ikatakata.

Wakafunika. Udongo wake haukuchekechwa.

Tulikaa kituoni kungoja basi, chupa ya chai kati yetu. Katekista alikuwa amechoka, uso umelainika kama wa mtu aliyetoka kuoga. Akanywa, akanitazama pembeni.

"Mama, umelia vibaya. Umelia kama mtu aliyeibiwa baiskeli."

"Mtafute mwingine basi."

"Hapana, hapana. Nasema tu." Akanywa tena. "Na mimi siku yangu? Utakuja?"

"Wakiniambia tu Katekista, nafunga kitenge. Sitauliza hata umekufa lini."

Akacheka, chai ikampalia, nikampiga mgongoni kwa nguvu zaidi kidogo ya ilivyohitajika, na basi likaja.